Motokaa Ndogo, Bei Kubwa: Nani Anafaidi Uaminifu Wetu?



Sabuni imepanda bei. Sukari tunayoitengeneza kwa mikono yetu wenyewe imepanda bei. Karo za shule zimepanda. Na motokaa ndogo nayo haikubaki nyuma. Zamani kidogo, fundi wa mitambo, dereva wa trekta au karani wa ghala aliyeweka akiba kwa miaka mingi aliweza kutumaini kwamba siku moja angepata motokaa ndogo iliyokwisha kutumika huko Japani. Leo kila akiikaribia bei, bei inasogea mbele.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaokata miwa na kuchuma chai, ambao wengi wetu hata baiskeli hatuna? Latuhusu sana. Motokaa ndogo ndiyo inayomchukua mama mjamzito usiku kutoka kambini mpaka hospitali. Ndiyo ya kukodi pale maiti anapohitaji kurudishwa kwao. Ndiyo inayobeba nyanya na ndizi za wake zetu hadi sokoni. Mwenye motokaa akiinunua ghali, nauli yake itakuwa ghali, na anayelipa nauli ni sisi. Tena katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, wanachama wengi wanaoomba mikopo mikubwa huomba kwa ajili ya mambo matatu: shamba, nyumba na motokaa. Fedha ile ni jasho letu sote.

Katika makala haya tunataka kusema neno moja ambalo halisemwi mara nyingi. Bei ya motokaa ndogo haipandi kwa sababu ya kodi na meli tu. Inapanda pia kwa sababu sisi wanunuzi tumeshikamana na jina moja, na wauzaji wanalijua hilo. Hatusemi kwamba tumekosa akili. Tunasema kwamba uaminifu wetu una thamani, kwamba thamani hiyo tumeiumba sisi, na kwamba mpaka sasa faida yake inaliwa na watu wengine.

UAMINIFU WENYE SABABU

Simama kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja uhesabu motokaa ndogo zinazopita. Zilizo nyingi ni Toyota. Hata majina tumezipa ya nyumbani. Corolla ya aina ya AE100 iliitwa Kikumi, yaani mia, na watu wengi hawakujua kabisa kwamba jina lake la kiwandani lilikuwa tofauti. Baada ya hiyo zikaja zile ndogo zaidi: Vitz, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, kisha IST mwaka 2002 na Passo mwaka 2004.

Wako wasomi wanaotucheka. Wanasema mfanyakazi anafuata jina kama kondoo. Wao wanakosea. Mwenye mshahara mdogo hanunui motokaa ili aijaribu. Akikosea mara moja, akiba ya miaka kumi imekwenda. Kwa hiyo anajiuliza maswali matatu. La kwanza, ikiharibika kijijini, je, yupo fundi anayeijua? La pili, spea yake naipata kwa bei gani, na je, ipo iliyotumika? La tatu, siku nikishikwa na shida nikataka kuiuza, nitampata mnunuzi? Jina linalojibu maswali yote matatu ndilo atakaloliamini. Hiyo ni hesabu, tena hesabu nzuri. Kwa tajiri jina ni pambo, bali kwa mfanyakazi jina ni bima.

Lakini tuangalie bima hiyo inatoka wapi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Fundi anayeijua injini ya Vitz mpaka usingizini hakufundishwa na kampuni ya Japani. Alijifunza chini ya mwembe, au Katwe, akiwa amelala juu ya gunia, akifungua na kufunga mpaka akaelewa. Wenye spea wa soko la Kisekka, Kampala, walikusanya vyuma vile kwa mtaji wao wenyewe. Na mnunuzi wa pili na wa tatu, ambaye ndiye anayeipa motokaa bei ya kuuzika, ni jirani yetu. Basi ile sifa ya kwamba “hii ina spea kila mahali” nusu yake ni kazi ya kiwanda, na nusu yake ni kazi ya mikono ya watu wetu. Muuzaji anapotuongezea bei kwa sababu ya jina, anatuuzia kazi yetu wenyewe.

MAJINA HUPANDA, MAJINA HUSHUKA

Wazee wetu watakumbuka kwamba Toyota haikuwa mfalme siku zote. Katika miaka ya 1960 na 1970 aliyeheshimiwa alikuwa Peugeot. Motokaa ya 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Watu waliona kwa macho yao motokaa zile zikivuka tope na mawe, wakaamini. Teksi za safari ndefu katika Kenya na Uganda zikawa Peugeot, na dereva wa Peugeot alikuwa mtu wa kuamkiwa.

Kisha zamu ya Datsun. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara 5, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mara zote alikuwa ndani ya Datsun. Kulikuwa na nani aliyefikiri kwamba jina lile lingetoweka? Lakini wenye kampuni, yaani Nissan, waliamua katika miaka ya 1980 kuliondoa sokoni. Wakalifufua baada ya karibu miaka 30, na mwaka 2022 wakalizika tena. Hawakutuuliza.

Hata Vitz yenyewe imekwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2020 kampuni ililiondoa jina hilo huko Japani na motokaa iliyoifuata ikaitwa Yaris. Passo nayo ilikomeshwa mwaka 2023. Mfanyakazi anaweza kuwa mwaminifu kwa jina kwa maisha yake yote, lakini jina halikumpa ahadi yoyote. Kampuni hufuata faida yake, na ikiiona kwingine huenda kwingine. Hilo si kosa la ajabu, ndiyo tabia ya biashara. Kosa ni sisi kudhani kwamba kati yetu na kampuni pana undugu.

BEI IMEPANDISHWA NA NINI?

Tuseme kweli, si kila senti ya nyongeza imetoka katika jina. Ziko sababu nyingine, na mfanyakazi anapaswa kuzijua ili asidanganywe na dalali anayesema tu kwamba “mambo yamekuwa magumu”.

Sababu ya kwanza ilianzia viwandani. Baada ya ugonjwa wa korona kuenea mwaka 2020, vipande vidogo vya umeme vinavyoendesha mitambo ya motokaa vilikosekana duniani kote. Kampuni ya Toyota peke yake ilitangaza kwamba itapunguza 40% ya motokaa ilizokusudia kuunda duniani katika mwezi wa Septemba 2021. Mjapani aliyekosa motokaa mpya hakuiuza ya zamani. Iliyokuwa ije kwetu ikabaki kwake, na chache zilizofika mnadani zikagombaniwa.

Sababu ya pili ni washindani wapya. Motokaa zilizotumika huuzwa Japani kwa mnada, na mnada haujali shida ya mtu. Urusi ilipokosa motokaa mpya kwa sababu ya vikwazo vilivyofuata vita vya Ukraine vya 2022, wanunuzi wake walimiminika katika minada ya Japani. Mwezi wa Agosti 2023 serikali ya Japani ikakataza kupeleka Urusi motokaa zenye injini inayozidi cc 1,900. Matokeo yake ni nini? Mrusi aliyezuiwa kubwa akageukia ndogo. Hivyo fundi wa Jinja mwenye akiba ya ushirika anajikuta akishindana kwa Vitz ile ile na mfanyabiashara wa Vladivostok, na hata hawaonani uso kwa uso.

Sababu ya tatu ni sheria za umri. Kenya hairuhusu motokaa iliyozidi miaka 8. Uganda ilikataza mwaka 2018 zile zilizozidi miaka 15 tangu kuundwa. Tanzania haikukataza, bali hutoza kodi ya ziada kwa iliyozidi miaka 8. Sheria hizi zina wema wake, maana moshi na breki mbovu huua, na wanaouawa zaidi ni watembea kwa miguu kama sisi. Lakini zinawasukuma wanunuzi wote kwenye mlango mmoja. Vitz za kwanza, zile za 1999 hadi 2005, haziwezi tena kuingia Uganda. Huko Kenya, kwa sheria ya miaka 8, kuanzia mwaka 2028 hata Vitz ya mwisho kabisa itakuwa imepitwa. Watu wengi wanaotaka kitu kile kile, na kitu chenyewe hakiundwi tena: bei itakwenda wapi isipokuwa juu?

KILA SHILINGI YA JINA INAZAA KODI

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo wauzaji hawatupigii. Katika Uganda, motokaa inapofika hutozwa ushuru wa forodha wa 25% ya thamani yake pamoja na gharama ya meli na bima. Kisha hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, na kodi hiyo ya pili hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ule ushuru wa kwanza. Bado kodi nyingine, ikiwemo ya mazingira ambayo hutozwa motokaa kuukuu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme ziko motokaa mbili ndogo, umri mmoja, injini moja kwa ukubwa, hali moja. Moja ina jina linalopendwa na ikifika bandarini ni dola 3,000. Nyingine ina jina lisilopigiwa kelele na ni dola 2,400. Tofauti ya jina ni dola 600. Lakini mnunuzi halipi 600. Ongeza ushuru wa 25%, zinakuwa 750. Ongeza 18% ya hizo 750, yaani 135, zinakuwa dola 885. Kodi nyingine hatujazigusa. Tena, ofisi ya kodi ina orodha yake ya thamani ya kila aina ya motokaa, kwa hiyo hata ukibahatika kuipata ile ya jina kwa bei nafuu, usidhani kwamba kodi itakubali kirahisi.

Kisha zile 885, ikiwa ni fedha za mkopo, zitazaa riba kila mwezi. Mwenye mkopo wa miaka mitatu atalipa riba ya jina kwa miaka mitatu.

Atasema mtu: “Fedha hiyo nitairudisha siku nitakapouza.” Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana hatusemi watu waache kuangalia jina. Lakini riba hairudi. Na tujiulize mfanyakazi huuza motokaa siku gani. Huuza siku mtoto amefukuzwa shule kwa karo, au siku daktari ametaja fedha za kupasuliwa, au siku kiwanda kimepunguza watu. Siku hiyo dalali humtazama usoni, akaona shida, na bei huandikwa na shida, haiandikwi na jina. Juu ya hayo yote, vioo vya pembeni na taa za motokaa inayopendwa huibwa upesi kuliko za nyingine, kwa sababu zina soko. Hata mwizi ni mwaminifu kwa jina.

MOTOKAA MOJA, MAJINA MAWILI

Liko jambo jingine ambalo kila mwanachama anapaswa kulijua kabla ya kutia sahihi yake. Mara nyingi motokaa mbili zenye majina tofauti ni motokaa moja.

Ile Passo inayosifiwa kuwa ni Toyota iliundwa na kampuni ya Daihatsu, na Daihatsu iliiuza pia kwa jina lake yenyewe, Boon. Kuanzia mwaka 2005 kiwanda kimoja mjini Kolín, katika nchi ya Cheki, kilitoa motokaa ndogo tatu kutoka mstari mmoja: Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1. Wafanyakazi walikuwa wale wale, na vyuma vilikuwa karibu vile vile. Toyota Starlet iliyoanza kuuzwa Afrika mwaka 2020 iliundwa India na Suzuki, na kwa jina la Suzuki yenyewe huitwa Baleno.

Sasa fikirini, ndugu. Mtu anaweza kuikataa Boon kwa dharau, akasema spea zake hazipatikani, kisha akatoka hapo akalipa zaidi kwa Passo. Angekwenda na fundi wake, fundi angemwonyesha kwamba injini na sehemu nyingi za chini ni zile zile. Tofauti kubwa ni beji iliyobandikwa mbele.

Wala jina si kinga ya uongo. Mwezi wa Desemba 2023 Daihatsu ilikiri kwamba ilikuwa imeghushi majaribio ya usalama ya motokaa zake kwa miaka mingi, na aina 64 zikahusika, baadhi yake zikiwa zimeuzwa kwa jina la Toyota. Yafaa sisi wafanyakazi tuangalie sababu iliyotajwa na kamati huru iliyochunguza: ratiba za kuunda motokaa zilibanwa mno, na wafanyakazi waliwekewa mkazo mkubwa wa kumaliza kwa wakati bila kushindwa. Jambo hilo tunalijua. Mtambo ukiendeshwa bila kupumzika hukata kidole cha mtu. Wafanyakazi wakiendeshwa bila kupumzika, mwishoni anayeumia ni mnunuzi.

MKOPO NA LOGIBUKU

Hapa ndipo penye machozi. Katika miji yetu wako wauzaji wanaotoa motokaa kwa malipo ya kidogo kidogo. Unatoa nusu ya bei, nyingine unalipa kila mwezi, na logibuku inabaki mikononi mwa muuzaji mpaka umalize. Makaratasi yameandikwa Kiingereza cha mawakili. Ukikosa mwezi mmoja au miwili, motokaa inachukuliwa usiku, na zile fedha ulizokwisha kulipa unaambiwa zilikuwa za matumizi. Siku ya pili motokaa ile ile imeoshwa, imesimamishwa barabarani, inauzwa kwa mwingine. Na kwa sababu ina jina, mwingine hupatikana upesi. Angalieni basi: lile jina tulilolichagua litulinde ndilo linalomfanya muuzaji asiwe na haja ya kutuvumilia.

Na kuna wenzetu wanaokubali makato makubwa ya mshahara kwa ajili ya mkopo wa motokaa, mpaka kinachobaki hakitoshi posho. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria au makubaliano ya pamoja. Waliouandika walijua kwamba mtu mwenye hamu hutia sahihi kitu chochote. Viongozi wa matawi wanapaswa kulisimamia jambo hili bila haya, hata kama mwanachama mwenyewe atakasirika kwa siku moja.

Tusisahau pia upande wa pili wa mizani. Bei imekuwa kubwa kwa sababu imepanda, na imekuwa kubwa zaidi kwa sababu mshahara haukupanda nayo. Katika Uganda kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Ilipofika mwaka 2019, miaka 35 baadaye, Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, lakini Rais hakuutia sahihi. Anayesema wafanyakazi wanapenda anasa kwa sababu wanataka motokaa ndogo kuukuu, na atazame kwanza tarehe hizo.

NA WENZETU WANAOUNDA MOTOKAA?

Wako watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi hakipaswi kabisa kusifu motokaa zilizotumika, kwa kuwa zinaua kazi. Neno hilo lina uzito. Kiwanda cha Thika, nchini Kenya, kilianzishwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na viwanda vingine vya kuunganisha motokaa vikafuata Mombasa na Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, motokaa zilizotumika ziliingia kwa wingi, na kazi katika viwanda hivyo ikapungua sana. Mwaka 2016 Volkswagen ilirudi Thika kuunganisha Polo Vivo, lakini bei ya motokaa mpya haikufika karibu na mfuko wa yule anayeiunganisha.

Sisi hatuoni ugomvi kati ya mfanyakazi anayeunda na mfanyakazi anayenunua. Ugomvi ni kati ya wote wawili na bei. Kiwanda cha hapa petu kitapata wanunuzi siku mshahara wa hapa petu utakapoweza kununua. Mpaka siku hiyo, kumlaumu mkata miwa kwa kununua motokaa ya mnadani ni kumlaumu mwenye kiu kwa kunywa maji ya kisimani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila chama cha akiba na mikopo kikubaliane na fundi mmoja au wawili wanaoaminika, na mkopo wa motokaa usitoke mpaka fundi ameikagua na kuandika kwa lugha anayoielewa mwanachama. Fundi aulizwe habari za vyuma, si habari za jina: injini hii inafanana na ya motokaa zipi, spea zake zinapatikana wapi, na kilomita zinazosomeka zinalingana na uchakavu wa kiti na pedali.

Pili, hesabu ipigwe kwa mwezi. Weka malipo ya mkopo, petroli, bima, matengenezo, na akiba kidogo ya tairi. Linganisha jumla hiyo na mshahara baada ya makato. Ikiwa chakula cha nyumbani kitaguswa, mkopo ungoje.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tununue pamoja. Mfanyakazi mmoja akinunua motokaa ya jina lisilojulikana ana sababu ya kuogopa, maana atakuwa peke yake na spea hakuna. Lakini wanachama 20 wa shamba moja au kiwanda kimoja wakichagua aina moja nafuu, hali inabadilika. Fundi ana sababu ya kuijua, kwa kuwa anaona kazi ya miaka mingi. Mwenye duka ana sababu ya kuweka spea. Na mmoja akitaka kuuza, 19 wengine wanaijua thamani yake. Hivyo ndivyo Kikumi ilivyojengwa bila sisi kupanga. Tukipanga, tunaweza kujenga tena, na safari hii faida ibaki kwetu. Wanachama 20 hata wakiamua kubaki na jina lile lile la zamani, watakwenda kwa muuzaji wakiwa na sauti, si kila mmoja na bahasha yake.

Nne, logibuku ikae na ushirika, si na muuzaji. Mwanachama akipatwa na msiba, ushirika utamwongezea muda.

Tano, tusiache madai ya zamani. Basi la kuwapeleka na kuwarudisha wafanyakazi wa zamu ya usiku ni haki ya kudaiwa katika mapatano na mwajiri, na basi hilo hubeba watu 60 kwa petroli ambayo motokaa ndogo 15 zingeimaliza asubuhi moja. Mwenye basi la uhakika halazimiki kununua motokaa kwa hofu. Ataitafuta kwa nafasi yake, na anayenunua kwa nafasi hanyonywi kirahisi.

Wahenga wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Walitaka kusema kwamba anayetaka kazi hakawii kwenye vyombo. Lakini wahenga hao hawakukatwa mshahara miaka mitatu kulipia jembe. Sisi tunaolipa kwa miaka mitatu tunayo haki ya kuchagua, na kuchagua kwa macho mawili. Tusiwe waaminifu kwa beji. Tuwe waaminifu kwa fundi wetu anayetuambia kweli, kwa ushirika wetu unaotunza akiba, na kwa mwenzetu wa mstari wa pili aliye na deni kama letu.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.